Je, Tuhame kwa Ajili ya Kazi ya Serikali?

Miongoni mwa masuala yanayorudi mara kwa mara katika darsa zetu, hakuna lililowagawanya wazee na vijana kama hili. Kijana wa mji wetu, aliyezaliwa katika Kiswahili na akasomeshwa Kiingereza mpaka akakimudu, huitwa na Serikali kufanya kazi itakayo lugha zote mbili: ukalimani wa mahakamani, au tafsiri ya maandishi ya ofisini, au kuandika yasemwayo Bungeni. Lakini kazi hiyo haiko hapa. Iko Nairobi, au katika mji mwingine wa bara. Je, aende au akae?

Wazee wasema: tumekusomesha ili utufae, nawe wataka kutuacha. Vijana wasema: mkono mtupu haulambwi, na aliyekaa bure barazani hamfai mzazi wala nafsi yake. Kila upande una hoja yake, na kila upande huondoka na hoja ile ile ulioingia nayo.

Sababu ya mzozo huu kutokwisha, kwa tuonavyo sisi, ni kuwa suala lenyewe huulizwa vibaya. Huulizwa kana kwamba kuhama kwenyewe ni kwema au kubaya, na hali kuhama peke yake si ibada wala si maasia. Kipimo chake ni kingine, nacho ni pengo. Mtu huyu akiondoka hapa, ni pengo lipi litakalobaki nyuma yake, na je, yupo wa kuliziba? Na asipokwenda kule, ni pengo lipi litakalobaki kule, na je, yupo wa kuliziba? Mwenye kuyajibu masuala haya mawili kwa ukweli atakuwa amekwisha kuipata njia yake.

Lakini hatuwezi kulipima pengo la kazi tusiyoijua. Basi na tuanze na kazi yenyewe.

Wako wanaodhani kuwa kazi ya lugha mbili ni kazi ya kukaa kwenye kiti na kugeuza maneno. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imeweka kuwa Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, na kuwa Kiswahili na Kiingereza ndizo lugha rasmi. Kifungu cha 49 chasema kuwa mtu akamatwaye aelezwe sababu ya kukamatwa kwake kwa lugha aifahamuo. Kifungu cha 50 champa mshitakiwa asiyefahamu lugha ya mahakama haki ya kupatiwa mkalimani bila ya malipo. Na kabla ya Katiba hiyo, Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, katika kesi ya Adan ya mwaka 1973, ilikwisha kuamua kuwa mshitakiwa asomewe na kuelezwa shitaka lake kwa lugha aifahamuo, na kuwa jibu lake liandikwe kwa kukaribia sana maneno yake mwenyewe.

Kwa nini mahakimu wakubwa wakajishughulisha na maneno ya mtu mmoja masikini? Tutoe mfano. Tuseme mvuvi wa Pate ameshitakiwa kuwa ameiba mashua. Asomewapo shitaka hujibu: "Ni kweli niliichukua, lakini mashua ni ya ami yangu, na ruhusa alinipa." Mkalimani mvivu, au mwenye haraka ya chakula cha mchana, humwambia hakimu: "Amesema ni kweli." Kwa maneno hayo matatu mtu asiye na kosa amekwisha kukiri wizi. Hakimu hakudhulumu, kwani hakusikia. Aliyedhulumu ni ulimi uliokaa katikati.

Tena Kiswahili chenyewe si kimoja. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 uliamua kuwa Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabuni na maskulini, na hicho ndicho asomacho mtu wa bara. Mtu huyo asikiapo mzee wa Mvita akisema "ndoo", hudhani ataka chombo cha kutekea maji, na kumbe mzee amwita mtu aje. Asikiapo neno "chombo" huenda akafikiri sufuria na sahani, na msemaji akusudia jahazi. Kwa hivyo aliyezaliwa katika lugha hii, kisha akasoma na ile ya pili, ana kitu ambacho cheti peke yake hakimpi mtu. Hakukinunua sokoni. Alikipewa na mama yake, na majirani, na chuo alichosomea utotoni. Ndiyo maana twasema kuwa ni amana.

Dini yetu nayo haikuidharau kazi hii. Mtume (S.A.W.) alimwamrisha Zaid bin Thabit, naye ni kijana, ajifunze maandishi ya Mayahudi, kwa kuwa hakuwa na matumaini na wale waliokuwa wakimwandikia na kumsomea barua zake. Imepokewa kuwa Zaid aliyajua kabla ya kupita nusu mwezi, akawa ndiye mwandishi na msomaji wa barua hizo. Na katika Sahihi ya Bukhari imetajwa habari ya Abu Jamra, aliyekuwa akifasiri baina ya Ibn Abbas na watu. Ibn Abbas alimtaka akae kwake, na akamwahidi fungu katika mali yake. Naye akakaa kwake miezi miwili. Basi huyu ni mtu aliyetakwa kwa ajili ya ulimi wake, akaahidiwa malipo, akaacha makazi yake kwa muda, na wala hakuna aliyemlaumu.

Na mafakihi wamekwenda mbele zaidi. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yetu sisi watu wa pwani, mkalimani wa kadhi huhesabiwa kama shahidi: yatakiwa wawe wawili, na wawe waadilifu. Wengine, kama Imamu Abu Hanifa, wamesema mmoja atosha. Lakini hata katika khitilafu hiyo hakuna aliyesema kuwa kazi hii ni ya mtu yeyote tu aliyekosa kazi nyingine. Kwa hivyo wale wasemao kuwa kazi ya Serikali haina kheri, na kuwa kijana mwema haifuati, hawana hoja. Serikali ikiajiri mkalimani muadilifu, masikini amepata ulimi.

Sasa tumekwisha kuujua uzito wa pengo la huko. Natutazame pengo la nyumbani.

Wanavyuoni wametufundisha kuwa faradhi ni namna mbili. Iko faradhi ya kila mtu kwa nafsi yake, ambayo hakuna awezaye kumfanyia mwenziwe. Na iko faradhi ya kutosheleza, ambayo wakiifanya baadhi ya watu, wengine huondokewa na dhima. Ukalimani wa Serikali ni wa namna hii ya pili. Wapo wengi wawezao kuufanya, na asiposhika huyu atashika yule. Lakini mama mzee mgonjwa asiye na mtoto mwingine ila huyu mmoja, haki yake ni ya namna ya kwanza. Hakuna mtihani utakaofanywa kumtafutia mwana mwingine. Alikuja mtu kwa Mtume (S.A.W.) akitaka ruhusa ya kwenda vitani, akaulizwa kama wazee wake wa hai. Aliposema kuwa wa hai, akarudishwa akajitahidi katika kuwatumikia wao. Ikiwa jihadi ilingojea wazazi, basi kazi ya mshahara yaweza kungojea.

Hapa vijana hutujibu: "Nitawaletea fedha kila mwezi." Fedha ni jambo kubwa, wala hatuzidharau, dawa hununuliwa kwa fedha, na paa hutengenezwa kwa fedha. Lakini wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Fedha haimwinui mzee usiku akatawadhe. Fedha haimkumbushi kunywa dawa, wala haimketi karibu ikamsikiliza kisa alichokwisha kukisimulia mara mia. Mwenye mzazi wa namna hii, ambaye hana mwingine, jibu lake tumekwisha kulisema: na akae. Na wala watu wasimwite mvivu au mwoga. Amelizuia pengo lisilozibika kwa mwingine.

Lakini wengi hawako katika hali hiyo. Wengi husema: "Ndugu zangu wapo." Neno hili linataka kufunuliwa ndani yake mna nini. Mara nyingi tukilifunua twakuta kuwa hao "ndugu" ni dada mmoja. Yeye ndiye apikaye, ndiye afuaye, ndiye alalaye chini ya kitanda cha mgonjwa, na huenda ana mume na watoto wake wa kuwatazama. Kaka yake anapofunga sanduku lake hamwulizi kama ataweza. Humwambia tu tarehe ya safari. Huku si kuziba pengo, ni kulihamisha pengo likawa juu ya mgongo wa mtu asiyeulizwa. Uzito wa mzazi uko juu ya watoto wake wote, na aliye mbali hakutoka katika hesabu kwa kuwa mbali. Basi kabla hajasema kuwa ndugu zake wapo, na aketi nao, awaulize kila mmoja kwa jina lake nini ataweza na nini hataweza, kisha naye aseme atabeba nini. Wakiridhika, na aende kwa amani. Na mke naye ni mwenye haki ya kuulizwa, asijue habari ya kuhama kwa kusikia kwa mashoga zake.

Na ikiwa aliyeitwa kazini ni binti, kipimo ni hiki hiki. Tusiwe watu wa kuhukumu, kabla ya kutazama, kuwa pengo la nyumbani ni lake na pengo la kazini ni la ndugu yake wa kiume. Akiwa yeye ndiye mwenye elimu, na nyumbani yupo mwana wa kiume mwenye mikono miwili na wakati mtupu, basi kijana huyo na ajifunze kumtumikia mama yake. Binti atakwenda kwa ridhaa ya wazee wake na katika makazi ya salama, kama ulivyo wajibu, lakini asizuiwe kwa mazoea tu.

Wazee nao wana neno letu. Kuna mzee mwenye watoto wanne karibu naye, afya yake ni nzuri, na duka lake lina mtu. Na bado humzuia wa tano asiende. Akiulizwa sababu, husema: "Sisi hatuna mila ya kwenda bara." Hii si haki ya mzazi, hii ni fahari. Wazee wetu wenyewe walisafiri kwa majahazi mpaka Arabuni na Bara Hindi, wakangoja pepo za msimu zigeuke, na miji yao haikufa kwa safari zao. Tena ni wazee hao hao tuwasikiao barazani jioni wakilalamika kuwa ofisi za Serikali hazina watu wetu, na kuwa mtu wa pwani akenda kutaka haki yake hana amfahamuye. Hatuwezi kuyashika mambo mawili yanayopingana: tuwafungie watoto wetu mlango kwa ndani, kisha tuulize kwa nini hawaonekani nje.

Hata hivyo mji nao una haki, nayo mara nyingi husahauliwa na pande zote mbili. Kila msomi akihama, ni nani atakayemwandikia jirani barua ya Serikali, au kumsomea hati ya shamba lake kabla ya kutia dole gumba? Pengo hili halionekani siku ya safari. Huonekana miaka baadaye, mtu anapokwenda na karatasi mkononi mlango kwa mlango, asipate wa kumweleza imeandikwa nini. Kwa sababu hii twasema kuwa anayeitwa na atafute kwanza kama kazi ya mfano huo iko karibu. Tangu mwaka 2013, kwa Katiba ile ya 2010, nchi imegawanywa katika serikali za kaunti 47, na sita katika hizo ni za pwani: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Mahakama ziko Mombasa, Malindi na Lamu, na mvuvi yule wa mfano wetu hatashitakiwa Nairobi, atashitakiwa hapa hapa. Huenda ulimi unaotakwa kule ukawa na haja zaidi huku, ingawa mshahara wa huku ni mdogo. Kuhama kuwe ni jibu la pili, lisiwe la kwanza.

Na lau mtu atataka kuona kuwa njia zote mbili zaweza kuwa sawa, na awatazame wanavyuoni wawili waliokikalia kiti kimoja. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa Mombasa, akatoa gazeti lake la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1937 mpaka alipofariki mwaka 1947. Aliitumikia Serikali ya wakati wake naye yu katika mji wake, na watu wake wakamwona kila siku. Sheikh Abdulla Saleh Farsy alizaliwa Unguja, akasomesha huko na kuwa kadhi huko. Kisha, baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, aliiacha Unguja akaja Kenya, naye akawa Kadhi Mkuu tangu mwaka 1968. Mwaka uliofuata, 1969, tafsiri yake ya Qur'ani kwa Kiswahili ikachapishwa kamili. Mmoja alikaa kwao, wa pili aliiacha nchi aliyozaliwa. Hatumjui mtu mwenye insafu athubutuye kusema kuwa mmoja wao alikosa. Watu hawakuwapima kwa masafa waliyokwenda, waliwapima kwa haki waliyoitekeleza walipokuwa.

Ama aliyekwisha kupima, akaona kuwa njia yake ni kwenda, tuna mambo manne ya kumnasihi.

La kwanza, asiondoke kwa maneno ya juu juu kama "Mungu yupo." Mungu yupo, bila ya shaka, naye ametuamrisha tufunge ngamia kisha tutawakali. Iandikwe ni nani atakayempeleka mzee hospitali, na ni nani atakayelipa, na siku ya haja mtu aitwe nani.

La pili, ajue hesabu ya mshahara wake kabla ya kuufurahia. Mshahara wa Nairobi huonekana mkubwa kwa aliye Lamu, lakini kodi ya nyumba, nauli ya kila siku na chakula hula fungu kubwa. Aliyeahidi kuleta fedha nyumbani, kisha akaona haibaki, huanza kwa kuchelewa na huishia kwa kunyamaza. Afadhali kuahidi kidogo kikaja.

La tatu, aweke muda. Aseme: baada ya miaka miwili nitarudi tukae pamoja, tutazame tena kama pengo la nyumbani limekua. Mzazi mwenye afya leo si mzazi mwenye afya wakati wote. Reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 imeifanya Nairobi kuwa safari ya saa chache kutoka Mombasa, lakini gari la moshi halimleti mtu asiyekusudia kuja.

La nne, ailinde amana aliyoajiriwa kwayo. Tumeona watu wakikaa bara miaka mitano, wakirudi Kiswahili chao kimepinda na Kiingereza chao hakikunyooka, na wakisema na mama zao kwa lugha ya ofisini. Mtu kama huyu amepoteza mtaji na ataka kuendelea kula faida. Na alipo kazini akumbuke kuwa asiyejua Kiingereza hana njia ya kujua kama amefasiriwa kwa haki au la. Hawezi kumkosoa mkalimani, wala hawezi kumshitaki. Ni yeye na Mola wake tu.

Limebaki jambo moja. Wapo watu ambao wakifikwa na uamuzi kama huu huenda kwa mpiga ramli, au humtaka mtu awaangalilie nyota. Na wapo wengine ambao huswali istikhara vizuri, kisha wakangoja ndoto, wakaota maji wakasema ni safari, wakaota ukuta wakasema ni kukaa. Ramli ni uongo na haramu, na hilo halihitaji kuelezwa zaidi. Ama istikhara ni suna njema, lakini ni dua ya mtu kumwomba Mola wake kheri katika jambo alilokwisha kulifikiri na kulitakia shauri. Haikuwekwa ili itufikirie sisi. Asiyeuliza ndugu zake, asiyepiga hesabu, asiyeitazama hali ya mama yake kwa macho yake mawili, akaswali rakaa mbili na kulala, huyo hakumtegemea Mungu. Ameikimbia kazi ya akili aliyopewa na Mungu.

Kwa ufupi: na aende yule ambaye pengo lake nyumbani limezibwa kwa ridhaa ya wanaoliziba, na ambaye huko aendako atakuwa ulimi wa kweli kwa asiye na ulimi. Na akae yule ambaye hakuna awezaye kusimama pahala pake. Wa kwanza asiitwe mtoro, wa pili asiitwe mvivu. Mabaharia wetu husema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Aliye mbali na aishi hivi kwamba siku ya kurudi kwake awakute watu wanaomtazamia, asikute watu waliokwisha kuzoea kuwa hayuko.

Wallahu aalam.